Aliyekuwa Humu Amehamishwa Kikazi

Mjini Singida huna haja ya kumtafuta dalali. Shuka kwenye basi na godoro lililofungwa kamba na ndoo iliyojaa sufuria, atakutafuta yeye. Wangu alinifikia kabla kondakta hajamaliza kunishushia mizigo. Akaanza na "Shikamoo mama," kisha akanitazama vizuri usoni akanishusha cheo: "Vipi dada'angu, unahamia?" Kadi yake ilisema anashughulika na vyumba, nyumba, viwanja, mashamba, bajaji na mashine za kukamua alizeti. Mimi mtu wa Tanga, nimezoea dalali wa nyumba awe wa nyumba. Nikajifariji kwamba anayeuza mashine za alizeti walau ana uzoefu wa kukamua.

Na alikamua. Kwanza hela ya usumbufu, ambayo hairudi hata ukionyeshwa banda la kuku. Halafu mafuta ya pikipiki. Nyumba ikipatikana, kodi ya mwezi mmoja ni yake, na mwenye nyumba naye anataka ya miezi sita, kwa mkupuo, mkononi. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kilichobaki ni makubaliano, yaani mwenye nyumba anataja na wewe unakubali. Mshahara wa mtumishi wa halmashauri huja mwezi kwa mwezi, tena kwa kuchungulia, lakini hilo halijamnyima usingizi mwenye nyumba yeyote ninayemfahamu.

Nikamweleza ninachotaka: chumba masta, sebule, jiko, maji ndani, fensi, na LUKU yangu peke yangu.

"Ipo."

Sikuwa nimemaliza kusema. Dalali hana "haipo". Ungemwomba nyumba yenye bandari angekwambia ipo, dakika tano tu kutoka lami.

Ya kwanza ilikuwa huko Mandewa, na lazima niieleze vizuri. Singida, kwa asiyeijua, ni mji uliojipenyeza katikati ya majabali. Kuna mawe makubwa kuliko magari, mengine yamepandiana kama yalikuwa yanachungulia kitu. Mwenye kujenga hapa ama analipasua jabali, ama analizunguka. Huyu mwenye nyumba hakufanya lolote kati ya hayo. Alijenga ukuta mpaka ulipokutana na jiwe, akaanza tena upande wa pili. Kwa hiyo jiko lilikuwa na kuta tatu za tofali na moja ya Mwenyezi Mungu. Jiwe lilikuwa limetokeza ndani kwa urefu wa meza, juu yake pana alama ya duara ya mafuta, mahali ambapo mtu alizoea kuweka karai. Kando ya alama hiyo mjusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa alikuwa anapiga pushapu, macho kwetu, kama mlinzi aliyefumaniwa kazini.

"Hapa huhitaji friji," dalali akasema, akilipapasa lile jiwe kwa mapenzi. "Lina ubaridi wa asili. Mboga hailali ikachacha."

Nikamuuliza aliyekuwa anaishi humo alihama kwa nini.

"Amehamishwa kikazi. Yuko Kiomboi."

Tukaenda nyingine, karibu na Ziwa Kindai. Ilikuwa nzuri kwa mbali, na kwa macho. Nilipouliza kama maji yapo, dalali akaninyooshea ziwa lote. Kindai, kama mwenzake Singidani, ni ziwa la chumvi. Nikamwambia siwezi kupikia wali maji hayo. Akaniambia nitaokoa hela ya chumvi. Bomba la uani tulilifungua likakohoa, likatoa buibui. Jua lilipoanza kuzama mbu wakaja kututambua, na mpangaji wa zamani, kumbe, alikuwa amepata uhamisho wa ghafla kwenda Manyoni.

Iliyofuata ilikuwa kwenye mwinuko, bati lake limekandamizwa kwa mawe na tairi. Upepo wa Singida si wa kutania. Wapo waliokuja na mipango ya kuuzalishia umeme, na nadhani walianza kupata wazo hilo wakiwa wanatafuta nyumba. Dalali alishika kitasa, upepo ukasukuma mlango, mlango ukaenda na kitasa kikabaki mkononi mwake. Hakushtuka. Akakitia mfukoni akasema, "Hapa feni hununui." Aliyekuwa humo? Ikungi.

Hapo ndipo nilipoanza kuihurumia Serikali. Kumbe wilaya zote za mkoa huu zinaendeshwa na watu waliokuwa wanakimbia nyumba za mjini.

Usidhani ananionyesha hizo kwa kukosa nyingine. Mtu aliyekwisha kuona jabali, buibui na kitasa hamuulizi tena dalali maswali magumu. Ukimpeleka baadaye kwenye nyumba ya kawaida kabisa, yenye mlango unaofunga, anatamani kulia. Nami ndivyo nilivyofika Utemini nikiwa nimelainika kama ugali wa mgonjwa.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua vitunguu. Nikaamkia, akaitikia "Marahaba mwanangu" bila kuinua uso, kisha usaili ukaanza. Mume yuko wapi? Sina, mama. Atakuja lini? Nikamwambia sijapewa tarehe. Wageni kwa mwezi wangapi? Muziki unapiga? Kisha akauliza lililokuwa moyoni mwake hasa:

"Unafuga kuku?"

"Hapana, mama."

"Vizuri. Hapa ukimwona kuku, ni wangu. Ukikuta yai, ni langu."

Kabla sijajibu dalali akaingilia. Akasema mimi ni mtu wa swala tano, sipokei wageni, siongei kwa simu usiku, samaki sipiki kwa sababu ya harufu. Mtu wa Tanga asiyepika samaki! Nilikuwa nikimsikiliza kwa mshangao, nikaelewa kwamba zamu hii bidhaa ni mimi, na kama ningekuwa na jabali mgongoni angelisifia ubaridi wake.

Nikalipa. Nyumba ilikuwa na kila kitu isipokuwa LUKU yangu peke yangu. Mita ni moja, ya nyumba nzima, na ninayenunua umeme mara nyingi ni mimi. Nayo kodi ya jengo, tangu Agosti 2021, hukatwa humo humo kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500. Kwa hiyo namlipa mama kodi ili nikae, halafu namlipia mama kodi kwa kuwa nyumba ni yake. Niliwahi kumuuliza kwa heshima zote kama katika jengo hili lipo hata tofali moja langu. Akanipa vitunguu vitatu.

Maisha yakatulia. Na kutulia kwangu, sikulijua hili mapema, ni hasara kwa dalali. Mpangaji aliyekaa hamwingizii hata senti. Anayemlisha ni anayehama. Ndiyo maana miezi yangu sita anaihesabu yeye kwa makini kuliko mwenye nyumba.

Jioni moja nimejifunga kanga, nakaanga samaki, nikasikia hodi. Ni yeye, na nyuma yake kijana mwenye tai na mke mjamzito. Hakunisalimu. Akaanza kuwaonyesha sebule yangu, akagonga ukuta, akafungua na kufunga mlango mara mbili kama mtu anayefanya mazingaombwe.

"Na huyu dada anahama kwa nini?" mke wa yule kijana akauliza, mkono puani.

"Amehamishwa kikazi. Anaenda Itigi."

"Hongera, dada," kijana akaniambia.

Nikaipua karai, nikamgeukia dalali. "Itigi naenda lini?"

"Usiwe na wasiwasi, dada'angu," akasema. "Nyumba ya kule ipo."