Adabu za Kiolezo

Wanaolisema vibaya faili la mipangilio la Dancer2 hawana shukrani. Umejenga tovuti yako kwa mfumo huo wa Perl, unataka violezo vya Template Toolkit: mistari ya kuviwasha imo humo humo, imefunikwa tu kwa alama za reli (#), kama shehena bandarini ikimsubiri mwenyewe aje na karatasi. Futa alama hizo, basi. Ukiacha mstari mmoja upishane na mwenzake kwa nafasi moja, YAML, lugha ya faili hilo, inakataa faili zima; na ukithubutu kujongeza mstari kwa kitufe cha Tab, umevunja sheria. Hata idara ya pasipoti haijafikia umakini huo.

Halafu mabano ya kufungia msimbo ndani ya kiolezo. Nyaraka za Template Toolkit zinafundisha [% %], faili la mipangilio linapendekeza <% %>. Ukiyachanganya, mteja anasomeshwa msimbo wako kama ulivyo. Serikali ngapi zina uwazi huo?

Lakini sifa kubwa ni adabu. Ukikosea jina la kigeu, mfumo haukuumbui. Unaandika “Karibu sana, ndugu”, kisha pa kuweka jina panabaki peupe, na kumbukumbu za seva kimya. Ipo swichi iitwayo STRICT ya kuufanya useme ukweli. Waungwana wameiacha imezimwa.