Kidoa cha Unyayoni na Piko ya Harusi

Mke wangu ameshakatwa vidoa viwili vyeusi, kimoja mgongoni, kingine pajani. Majibu ya maabara yalisema seli zimeanza kwenda kombo, ila si saratani. Ndugu walishika hayo ya mwisho. Yeye alibaki na yale ya mwanzo.

Basi kilipotokea kipya, unyayoni karibu na kisigino, usingizi ulituhama. Kilikuwa kidogo kuliko mbegu ya papai, cha kahawia, upande mmoja umekoza. Mama mkwe akasema ni damu imevilia, labda kakanyaga jiwe. Huenda. Lakini sisi weusi, melanoma, ile saratani ya ngozi, ikitupata, mara nyingi huanzia tusikotazama: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Bob Marley ilimwotea chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, wengi wakadhani ni jeraha la mpira. Iligunduliwa 1977, Mei 1981 akafariki, ana miaka 36. Jina hilo sikulitaja usiku ule. Alilitaja mwenyewe.

Daktari wa ngozi alitupangia Jumatatu. Jumamosi ilikuwa harusi ya mpwa wangu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Dada zangu walimketisha mke wangu uani, miguu juu ya mto, hina ikajaa nyayo zote mbili. Akawaomba wapaache pale penye kidoa. Dada yangu mkubwa akainama, akakitazama, akasema kwa huruma kabisa, "Wifi, tukifiche, usikae ukikiwaza siku ya furaha." Akakipitishia piko.

Jumatatu daktari alikiwekea kile kioo chake chenye taa, akatazama, akanyamaza, akatazama tena. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji midogo, kama ya alama za vidole. Kidoa kisicho na madhara rangi yake kwa kawaida hufuata mifereji. Melanoma hukaa zaidi juu ya matuta. Na piko, ambayo wapambaji wengi huitengeneza kwa rangi ya nywele, nayo hushika juu ya matuta hayo hayo. Hakuweza kutenganisha rangi ya harusi na rangi ya ngozi. Akasema turudi ikishatoka.

Nyumbani zikaletwa ndimu, chumvi, na jiwe la kusugulia miguu. Nikakataa katakata. Kidoa kikichubuliwa kikatoka damu, daktari atajuaje kama ni ugonjwa au ni jiwe? Tukabaki na maji ya uvuguvugu na kungoja. Kungoja huko kulikuwa kuzito kuliko kule kwa majibu ya maabara, maana safari hii hata kutazama tulikuwa hatuwezi. Dada yangu alikuja kila jioni kumwosha wifi yake miguu, na hakuna aliyemlaumu. Alikuwa amekwisha kujilaumu vya kutosha.

Rangi ilipokwisha, kioo kilionyesha mifereji. Kidoa kina milimita 4. Daktari hakukata, ila kwa historia ya mke wangu alikipiga picha na rula pembeni, akaandika kipimo kwenye kadi: arudi baada ya miezi 3, na kikikua, kikibadilika rangi au kikitoka damu, asingoje tarehe. Dada yangu ameshasema atamsindikiza.