Korongo Aliyeiuza Rehema

Palikuwa na taifa la ndege wadogo, wenye viota na makinda, lililokaa kwenye ghuba ya Baraka, ambayo rasi ya Ubwari huikumbatia kama mkono wa mama. Tai wa milimani na tai wa bondeni waligombea nani bwana wa vilele vya Itombwe, na kila walipopigana, yaliyovunjika ni mayai ya wasio na makucha. Usiku mmoja viota viliteketea toka kingo za Mutambala hadi ufukweni. Walioweza waliruka ziwa kuelekea mawio ya jua, walioshindwa wakajibanza katika michikichi.

Kulipokucha akatokea Korongo mwenye mfuko shingoni. Alisimama majini kwa mguu mmoja, macho ameyafumba nusu, na kila aliyemwona alidhani yumo katika sala, kumbe ndivyo aviziavyo samaki. Akanena kwa upole, “Ndugu zangu, Mungu amewaghadhibikia. Rehema yake ninayo mimi, imo mfukoni humu. Leteni ndagala, nami nitaufungua.”

Wenye njaa wakaanza kumpelekea aliyeshiba. Mjane Mnana, aliyeunguliwa na makinda matatu, alipeleka hata chembe alizomwekea yule mmoja aliyesalia. Aliyetoa asipone aliambiwa imani yake ni haba. Asiyetoa aliambiwa dhambi yake ni nzito. Siku zikapita, mfuko ukajaa hadi ukagusa maji, wala hapana aliyewahi kuuona ukifunguliwa. Hata hivyo foleni ilizidi kurefuka, kwani mwenye maumivu hushika hata unyasi.

Usiku wa mvua kinda la Mnana likashikwa na homa. Mama akamwendea Korongo mikono mitupu. Naye akayafumba macho zaidi. Mnana akarudi akilia, akimwomba Mungu njia nzima, pasipo mpatanishi na pasipo sadaka. Alipofika tawini alimkuta Chozi, mgeni wa bonde la pili ambaye kiota chake nacho kiliungua, amelifunika kinda kwa mbawa zake.

“Nani amekutuma?”

“Nimesikia mtoto akilia, mama, nikashindwa kulala.”

Kinda likaiona asubuhi. Tangu hapo ndege wakaacha kwenda majini. Wakafunikana usiku, wakagawana punje mchana, na katika kugawana wakamshukuru Mola. Korongo akabaki na mfuko wake, samaki wakamwozea shingoni.

Waliolivuka ziwa la Tanganyika mwaka 1996, wakalala Kigoma na kisha kambini Nyarugusu, wataijua hekaya hii pasipo kutajiwa jina la ndege hata mmoja. Nawe uliye katika dhiki, mwombe Mungu hapo ulipo. Husikia bila malipo. Na ukisikia mtoto wa jirani akilia usiku, amka uende, kwani huenda mama yake yumo njiani akiomba.