Mkwe Ana Pikapu

Jumamosi iliyopita niliwachekesha wafiwa. Sikukusudia, wala hawakucheka wote. Mjane mwenyewe alijikaza mpaka alipoingia ndani. Lakini waliokuwa chini ya turubai, wale waliofika na nyuso zao za msibani, walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa na kahawa, wakacheka na hilo pia. Mke wangu hajanisemesha sawasawa tangu siku hiyo. Anasema babu yake, mzee aliyekula chumvi nyingi na kuheshimiwa Bagamoyo nzima, sasa atakumbukwa kwa tela langu.

Maji ndiyo yaliyoniponza. Bomba lilikuwa kavu, masufuria ya pilau yako mafigani yanasubiri, ndipo shemeji mmoja akakumbuka kwamba mkwe wa Dar amenunua pikapu, tena dabo kebini, na tela lenye tanki la lita 1,000. Nikapigiwa simu. Nikajaza tanki, nikafunga tela, nikashika barabara ya Bagamoyo nikiwa na furaha isiyomfaa mtu anayekwenda kuzika.

Kuvuta kulikwenda vizuri. Nalisema hapa kwa sababu siku ile hakuna aliyetaka kulisikia.

Kisha nikafika ukweni. Geti lile lilijengwa enzi za punda, mbele yake ni mchanga mtupu, na tanki lilitakiwa liingie kinyumenyume mpaka karibu na jiko. Nikaweka rivasi. Sasa, mwanaume msibani hana kazi. Wanawake wanapika, vijana wamekwenda kuchimba kaburi, yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki akiulizana na mwenzake bei ya sukari. Gari linalorudi rivasi kwake ni neema. Wakainuka wote. Kata kulia! Kushoto kwako, siyo kwangu! Nyoosha! Njoo, njoo, njoo, basi! Nimesema basi!

Kurudi nyuma na tela ni elimu ya peke yake. Ukienda mbele, tela halina hiari: linavutwa kwa pua, linafuata, na likipinda kidogo mwendo wenyewe unalinyoosha. Ukirudi nyuma, unalisukuma kwa pua ileile, na mpindo mdogo haujirekebishi, unakua. Ni sawa na kusimamisha mchi kwenye kiganja. Ukikata usukani kulia, mkia wa pikapu unakwenda kulia, unaisukuma pua ya tela kulia, na makalio ya tela yanakwenda kushoto. Kisha, kabla hujafurahi, lazima uanze kukata upande wa pili ili ulifuate, maana ukichelewa pembe inakuwa kali kiasi kwamba hakuna usukani utakaoinyoosha; itabidi uende mbele na uanze upya. La kustaajabisha zaidi ni kwamba tela fupi ni jeuri kuliko refu. Dereva wa semitela ana nafasi ya kufikiri, kwa sababu kontena lake linageuka polepole. Langu, lenye ekseli moja na shingo fupi, linaamua ndani ya nukta. Wajuzi hushika usukani kwa chini kabisa: mkono ukienda kulia, tela nalo linakwenda kulia, na akili inapumzika.

Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi uwanjani, ardhi ngumu, tanki tupu. Kilichotokea Bagamoyo hakikuwa kupinda. Magurudumu ya tela yaligoma kuzunguka. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma, na tela likaanza kulima, linachora mifereji miwili kwenye mchanga bila tairi kugeuka hata kidogo. Nikaingiza fowili. Sasa pikapu nayo ikachimba, kwa magurudumu manne badala ya mawili. Wanaume wakaja kusukuma kwa mbele, mimi nikaongeza mafuta, tela likaruka upande, pembe ya fremu ya tanki ikanasa kamba ya turubai. Turubai likainama polepole, kwa adabu zake, likawafunika wazee waliokuwa wakicheza bao. Kete zikasikika zikimwagika. Kutoka chini ya turubai sauti ikauliza, “Ndiyo mkwe amefika?”

Hapo ndipo walipocheka.

Aliyeniokoa ni mzee ambaye muda wote hakutoa amri hata moja. Zamani alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya mkonge. Akaja taratibu na bakora yake, akainama kwenye shingo ya tela, akasukuma kijichuma kidogo kilichokuwa kimejaa kutu na grisi kavu, kikaruka juu kwa kishindo. “Rudi sasa, mwanangu,” akasema. Nikarudi. Tela likaingia getini bila ubishi.

Kile kijichuma kimenikosesha usingizi, na si kwa aibu peke yake. Tela langu lina breki zake, na breki hizo hazijui lolote kuhusu mguu wangu. Hazina waya wala bomba la mafuta linalotoka kwenye gari. Shingo ya tela ina mtaimbo unaoteleza ndani ya bomba. Pikapu ikipunguza mwendo, tela zito linaisukuma kwa nyuma, mtaimbo unaingia ndani, unavuta fito na nyaya, nazo zinatanua viatu vya breki kwenye magurudumu. Yaani tela linajifunga breki kwa papara yake lenyewe: kadiri linavyosukuma zaidi, ndivyo linavyojizuia zaidi. Aliyebuni kitu hicho alistahili kupewa mtaa. Tatizo ni kwamba tela halijui tofauti kati ya wewe kufunga breki na wewe kurudi nyuma. Mara zote mbili linaona kitu kimoja, pua inabanwa, nalo linatii. Kwenye ardhi ngumu likiwa tupu, msukumo ni mdogo na halistuki. Kwenye mchanga likiwa na tani nzima ya maji, linafunga kabisa. Matela ya kisasa yana viatu vya breki vinavyolegea vyenyewe gurudumu likizunguka kinyumenyume. Ya zamani yana kijichuma cha kuinua kwa mkono, kinachozuia mtaimbo usiingie. La kwangu ni la zamani.

Na nililinunua lenye breki kwa sababu nilikuwa raia mwema. Pikapu za ukubwa wa kati za miaka ya karibuni, Hilux, D-Max, Ranger, zote zinatangazwa kwamba zinavuta kilo 3,500. Namba hiyo inatamkwa vijiweni kwa sauti ya juu, bila mkia wake. Mkia wake ni kwamba kilo hizo ni za tela lenye breki. Tela lisilo na breki mwisho ni kilo 750, na lita 1,000 za maji ni tani moja kabla hujapima chuma kilichoyabeba. Tena huwezi kujaza mbao nyuma, watu watano ndani, halafu udai kilo zako zote 3,500 kwenye tela, maana gari na tela kwa pamoja navyo vina kikomo chao. Na uzito wa tela unatakiwa uegemee mbele kidogo ya ekseli, kama sehemu moja ya kumi iikalie goroli ya kuvutia. Ukiegemea nyuma, mwendo ukikolea tela linaanza kutikisa mkia, na mwisho wake linalitikisa gari. Maji ni mabaya kuliko mchanga, kwa sababu tanki likiwa nusu yanakimbilia mbele na nyuma kila unapogusa breki.

Hakuna aliyenieleza haya nilipokuwa natafuta gari, na nilishauriwa na kila mwenye mdomo. Watu wa Hilux walinisimulia kipindi cha televisheni cha Uingereza, Top Gear, ambacho mwaka 2003 kilichukua Hilux ya 1988, kikaizamisha baharini, kikaichoma moto, kikaiweka juu ya jengo refu na jengo likabomolewa kwa baruti, na bado ikawaka. Wengine walinipeleka Chad, ambako mwaka 1987 askari waliopanda pikapu za Toyota waliyafukuza majeshi ya Libya yenye vifaru. Ni hoja nzito. Ila mimi sikuwa na mpango wa kuidondosha pikapu kutoka ghorofani wala kupigana na Libya. Nilitaka kubeba chakula cha kuku. Watu wa D-Max hawasemi sana. Wanafungua boneti, wanakuonyesha ile injini ya lita tatu, wanafunga boneti, wanakuacha na dhamiri yako. Watu wa Ranger walinitajia kilo 3,500.

Dalali mmoja aliniapia kwamba Hilux Vigo aliyokuwa akiniuzia ilitoka Japani, mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, aliiendesha kwenda sokoni tu. Ningependa kukutana na mwalimu huyo. Kuanzia 2004 mpaka 2017 Toyota haikuwa ikiuza Hilux nchini Japani. Vigo ni jina la Thailand, na Revo iliyofuata ni jina la Thailand pia. Huko ndiko zilikotengenezwa kwa wingi, na kwa kuwa nao wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, huko ndiko nyingi zilikotumika zikachoka. Nyingine hutoka Uingereza, na hizo inakubidi ulale chini ya gari ugonge chasisi kwa nyundo, kwa sababu kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi haijawahi kuheshimu chuma. Bodi inang’aa, chini kumekuwa biskuti.

Niliyonunua sitaitaja, haina kosa. Kosa liko kwenye dashibodi. Iliniambia imetembea kilomita 86,000. Fundi wangu, kijana mwenye subira, alipofungua kava la chujio la hewa alikuta kibandiko cha kubadili oili kilichosahaulika humo. Maandishi yalikuwa ya Kithai, lugha nisiyoijua, lakini namba nazisoma: 231,000.

Hapa sicheki. Kwenye baadhi ya injini za dizeli za pikapu hizi, vali huendeshwa na mkanda unaotakiwa kubadilishwa kwa kilomita maalumu; kwa 1KD ya Toyota, ile ya lita tatu, ni kila 150,000. Mkanda ukikatika, vali zinabaki zimefunguka na pistoni zinakuja kuzigonga, na injini unayoisifia kijiweni inageuka chuma chakavu kwa sekunde moja. Kuna taa kabisa kwenye dashibodi inayokukumbusha. Aliyerudisha kilomita za gari langu aliinyamazisha na taa hiyo. Mkanda wangu ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino. Angetaka kunidanganya kwenye rangi, viti, hata redio, ningemsamehe, biashara ndivyo ilivyo. Lakini huyu aliketi mahali fulani na kompyuta yake, akafuta kitu pekee kilichoweza kuniambia lini gari hili litaniacha barabarani na watoto wangu ndani, usiku, mlimani. Kisha aliyeniuzia, nilipomrudia, akaniambia, “Bosi, si linatembea?”

Tunakesha tukibishana kampuni ipi imara, wakati kwenye gari la mtumba swali lenyewe ni nani alilitunza na ameandika wapi. Nimeulizia daftari la matunzo kwenye yadi za magari nikaangaliwa kwa huruma. Yadi moja waliniuliza kama mimi ni wa mapato. Kila mtu anajua kwamba kilomita zinarudishwa, bei tunapanga kwa kuzifuata, na gari lenye kilomita za kweli linakaa yadini mpaka linaota majani kwa sababu limesema ukweli.

Mkanda nimebadilisha. Spea ya kwanza niliyouziwa kwenye boksi la orijino ilikuwa fupi kwa meno mawili. Goroli ya kuvutia nayo ilikuwa ya kipimo cha Kimarekani, kubwa kuliko milimita 50 za tela langu kwa chini ya milimita moja, tofauti usiyoiona kwa macho mpaka siku tela linapokataa kuachana na gari. Kuku mmoja ametaga nyuma ya kiti.

Lakini gharama kubwa ya pikapu haiko gereji. Mtu mwenye gari dogo huombwa lifti. Mwenye pikapu huombwa gari. Mtaa mzima unahama kwa pikapu yangu, makabati, mafriji, mbuzi wa mahari, na bendi moja ya vijana ambayo ngoma zake zilibaki kwangu mwezi mzima. Hurudishwa taa ya mafuta ikiwaka na kiti kikiwa kimesogezwa mahali ambapo binadamu wa kawaida hafikii klachi. Ni shemeji mmoja tu aliyewahi kuirudisha ikiwa imeoshwa ndani na nje, tanki limejaa dizeli, na kilo mbili za nyama kwenye kiti cha mbele. Bado kila asubuhi naizunguka nikitafuta alipoigonga.