Majenerali wa Darasa la Tatu

Sketi ya jadi inayouzwa kwenye soko la Kenya (Kenya commune ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi) imetengenezwa kwa gunia la mchele. Wanalichambua uzi kwa uzi, wanalitia rangi, wanakuuzia utamaduni. Mjukuu wangu aliivaa mazoezini akarudi anajikuna hadi usiku.

Ni kwa ajili ya Julai 2, siku ya kutangaza matokeo ya shule. Kila mwaka wazazi tunasimama juani kungoja asilimia za watoto, na mwaka huu, kabla ya asilimia, ngoma za asili.

"Kambo," mtoto akaniuliza, "Madamu anasema kila mutoto alete ngoma ya kwabo. Sisi kwetu ni wapi?"

"Katuba, hapa tunapokaa."

"Anasema Katuba haiko kabila."

Haya basi, tuhesabu. Baba yangu Muluba, mama yangu Mubemba kutoka ng'ambo ya mpaka, mke wangu wa Kasai, mkwe wetu Mutabwa wa Moba. Mtoto huyu akicheza ngoma za kwao zote, matokeo yatatangazwa Agosti. Na nyumba ya jirani ni hivyo hivyo, maana kampuni ya Union Minière ilipochimba shaba katika nchi ya Balamba ilizoa watu kutoka Kasai, Rhodesia, hadi Ruanda-Urundi, ikawapanga kambini bila kuwauliza wanacheza nini. Isitoshe, mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya kuwaondoa, kwa sababu ya swali hilohilo la kwenu ni wapi. Mke wangu hapendi kulisikia, hata likija na ngoma.

Ngoma zenyewe Madamu anazitoa kwenye simu. Simlaumu sana. Tangu shule za msingi zilipofanywa bure mwaka 2019, darasa limejaa hata kugeuka ni shida, sembuse kucheza. Ila mimi nilitazama ile video, na wale wachezaji wako ufukweni. Bahari! Hapa Lubumbashi!

Halafu tunaambiwa watoto wa zamani walijua mila. Sisi wa wakati wa Mobutu tulijua kumsifu Mobutu. Tulikata viuno asubuhi kwa ajili ya MPR, chama kilichotutaka tuwe Wazaire halisi, ndipo tukaingia darasani tukiwa tumechoka. Kizazi changu chote kina kiuno kizuri na hesabu mbovu.

Nikaenda kumwona Madamu. Nikamwambia mji huu una ngoma yake: mbeni. Ilizaliwa pwani, huko Lamu na Mombasa, ikatembezwa na askari na wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, ikafika hapa wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville. Muluba alicheza, Mubemba alicheza. Walipanga mistari kama jeshi, wakajipa vyeo, mfalme, jenerali, daktari, wakawaiga wazungu mbele ya wazungu wenyewe. Hakuna aliyevaa nyasi.

Madamu akasikiliza vizuri, akasema, "Asante, Papa. Tutafanya hiyo."

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mkubwa. Kesho yake barua ikatoka: kwa ushauri wa mzazi mmoja, sketi zimefutwa, kila mtoto alete kofia ya kijeshi, glavu nyeupe na nishani. Jina langu halikuandikwa, lakini Katuba haina siri. Mama mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya maji akaniuliza ile sketi aliyokwisha kununua aipikie bukari?

Hilo lingepita. Kisichopita ni vyeo. Baba wa kwanza alikwenda shuleni akitaka mwanawe awe jenerali, kwa kuwa amelipa glavu mapema. Wa pili akasema wake ni mrefu. Wa tatu alimpelekea Madamu kuku. Mpaka juzi darasa la tatu lilikuwa na majenerali watupu, mfalme mmoja ambaye ni mtoto wa mwenye kiwanja cha shule, na askari hakuna hata mmoja. Mjukuu wangu anasema amepewa udaktari. Mama yake amekasirika, anataka niende nikazungumze.