Jinsi ya Kuwekeza kwa Kijana wa Sachangwan: Hatua Saba kwa Mheshimiwa

Mheshimiwa, Januari 31, 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikimbilia petroli na mitungi, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Mtu huhatarisha roho kwa mtungi wa petroli pale anapokosa pengine pa kupata pesa ya siku hiyo. Mwaka 2018 barabara ilijengewa ukuta wa kutenganisha magari. Sasa ni zamu ya vijana. Fuata hatua hizi.

1. Shuka garini. Kupitia kioo utaona bodaboda na mashamba tu. Nenda kwenye baraza la chifu, ukae kwenye benchi, uwaache vijana waanze kusema.

2. Acha fulana na kofia za kampeni nyumbani. Kifungu cha 55 cha Katiba kinaitaka serikali iwawezeshe vijana kupata elimu, mafunzo na ajira. Fulana haimo.

3. Anza na karakana. Tangu ugatuzi, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, kwa hiyo huhitaji kusubiri Nairobi. Mteremko wa kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa umemaliza breki za malori mengi. Fundisha mafundi wa breki, wachomeleaji na mafundi wa umeme wa magari. Wateja wanapita mchana na usiku, na fundi mzuri wa breki hupata riziki huku akiokoa watu.

4. Pima mkopo kwa msimu. Hazina ya Vijana ilianzishwa 2006, Hazina ya Uwezo ikafuata 2013, na Hustler Fund ikazinduliwa Novemba 2022. Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler ulianzia shilingi 500, ulipwe kwa siku 14. Viazi hukomaa kwa miezi mitatu au minne. Siku ya 14 mkulima anadaiwa na viazi havijachomoza vyema ardhini! Mpe pesa za kutosha mbegu na mbolea, umdai baada ya kuvuna.

5. Linda gunia. Sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Broka akijaza lumbesa, yaani gunia lililopita kipimo hicho, anakula jasho la kijana huyo uliyemkopesha. Weka mizani sokoni na afisa asiyenunulika.

6. Lipa kwa wakati. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana akikopa ili apeleke madawati shuleni, kisha akazungushwa ofisi hadi ofisi, umemfilisi kwa mkono uleule uliodai kumwinua.

7. Rudi na hesabu. Mwaka 2015 nchi ilishtuka kusikia kwamba shilingi milioni 791 za Huduma ya Taifa kwa Vijana (NYS) zimeporwa. Pesa za vijana huliwa mahali ambapo vijana wenyewe hawaoni vitabu vya hesabu. Bandika orodha mlangoni mwa ofisi ya chifu: nani alipata, kiasi gani, kwa kazi gani, na kazi hiyo imefika wapi. Baada ya mwaka, itisha baraza tena. Aliyekosa aulize sababu, nawe umjibu papo hapo, mbele ya wote.