CD ya Guka Ikigoma Kuimba

Kwanza kabisa, acha kuipangusia sweta CD hiyo ya guka, babu yako. Najua ni Julai, Nyeri imezama kwenye ukungu na sweta ndiyo iliyo karibu, lakini uzi wake hubeba vumbi, na vumbi huchora. Tafuta kitambaa laini cha pamba, ufute kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Kisha itazame na upande wa maandishi. Utando unaorudisha mwanga umelala papo hapo chini ya rangi, kwa hiyo mkwaruzo wa juu huua wimbo upesi kuliko wa chini.

Haya, itie ndani. Kimya! Linux haionyeshi chochote. Usiipige kompyuta kofi, haijakukosea. Fungua teminali uandike lsblk. Ukiona sr0, draivu iko hai. Usipoiona, kagua nyaya. Kama ni draivu ya nje, ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, usipitie kigawanyio cha USB, maana mota yake ina njaa ya umeme.

Hapa ndipo wengi huaga marehemu asiyekufa. Huandika amri ya mount, hukaripiwa, kisha hutangaza kuwa CD imekwisha. Kwa kanuni ambazo Philips na Sony walikubaliana mwaka 1980, CD ya muziki haina faili wala folda. Ni sauti mfululizo, sampuli 44,100 kila sekunde, tangu mwanzo hadi mwisho. Mto Chania hauna mlango, na CD hii pia haina. Usibishe hodi.

Badala yake andika cdparanoia -Q. Ikikupangia nyimbo na urefu wake, shangilia, kisha andika vlc cdda:///dev/sr0. Ikilalamika kuhusu ruhusa, jiingize kwenye kundi la cdrom: sudo usermod -aG cdrom $USER, utoke, uingie upya. Ikisema haioni wimbo hata mmoja, huenda uliuziwa CD ya MP3. Hiyo ina faili, nayo mount itaipokea vizuri. Jalada halikuambii ni ipi, na muuzaji mara nyingi hajali.

Kuna kisa kingine: dakika zinahesabika kwenye skrini, sauti hakuna. Programu za zamani ziliiamuru draivu icheze yenyewe, sauti ikapitia waya mwembamba hadi kwenye kadi ya sauti. Kompyuta nyingi za mitumba, zile za ex-UK, hazina waya huo. Tumia VLC au Rhythmbox, ambazo huisoma CD kidijitali.

Ikishaimba, usiirudishe kwenye kabati. Andika cdparanoia -B, uhifadhi kila wimbo kama WAV, kisha ugeuze uwe FLAC. Sababu ni kwamba nyimbo hupotea. Mwimbaji Joseph Kamaru wa Kangema, aliyefariki mwaka 2018, ana bahati: mjukuu wake, mwanamuziki KMRU, amekuwa akizisafisha rekodi zake na kuzitoa upya mtandaoni. Waimbaji wangapi wa mugithi, muziki wa gitaa wa Kikuyu, wana mjukuu wa namna hiyo? CD zao zilichomwa River Road, Nairobi, na rangi ya ndani inayobeba nyimbo hizo hufifia kwa jua na miaka. Mimi naona kufifia huku ni wizi wa polepole, na sisi ndio askari tuliolala.

CD nyingi kama hizo hazibebi majina ya nyimbo, na hifadhidata za mtandaoni hazizijui. Kwa hiyo faili zitaitwa track01, track02. Kabla guka hajapanda matatu ya Othaya, mkalishe, umchezee moja moja, uandike anachokuambia: nani anaimba, nani anapiga gitaa, ulikuwa mwaka gani.